Jirani wa Kwanza Alivyopanda Mlima Hourcade

POLISI WA MILIMANI, KITUO CHA BONDE LA ASPOURRE
PIRENEI, UFARANSA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Urbain Pedarribe. Umri: miaka sabini na saba. Kazi: mstaafu, zamani mwendesha gari la kebo, sasa nafuga kondoo wachache na baridi yabisi. Makazi: nyumba iitwayo Kabarrou, kijiji cha Aspourre. Elimu: mwalimu alinifukuza nikiwa na miaka kumi na tatu, yeye ameshakufa, mimi bado nipo. Dini: Mkatoliki, hasa kwenye mazishi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa na Sajenti Gwenaelle Kervella kwamba niseme kweli tupu na nisizunguke. Kweli nitasema. Kuzunguka kidogo anisamehe, maana hata barabara ya kwetu inazunguka, na bado inafika.

Marehemu Germain Bordenave nilimfahamu tangu tukiwa watoto wa kuiba matofaa. Ukubwani tulifanya kazi pamoja kwenye kebo ya mlima Hourcade, huo wenye kituo cha kutazama nyota kileleni na miteremko ya skii kiunoni. Mimi nilikuwa kwenye mashine, yeye alikuwa anafukua theluji juu. Alizoea kusema kwamba serikali imenilipa maisha yangu yote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sikumbishia, kwa sababu vitufe vilikuwa viwili na cha pili sikuwahi kujua kazi yake.

Thibaut Sarthou, ambaye mmemlaza hapa mahabusu tangu jana jioni, ni fundi wa darubini kule kileleni. Anakaa juu wiki mbili, anashuka wiki mbili. Hao watu wa nyota kijijini tunawaita bundi, kwa kuwa wanalala mchana na wakikutana na jua wanakunja uso kama wametukanwa. Thibaut ndiye bundi pekee aliyezaliwa kwetu. Mama yake ni Noëlie Sarthou, na nyumba yao inatazamana na nyumba ya Germain, ng'ambo ya kinu cha zamani. Huko hakuna nyumba nyingine, ni hizo mbili tu.

Hapo ndipo lazima nizunguke, kwa sababu Afande ni mtoto wa pwani ya Bretagne, na kwao naona wanajuana na samaki kuliko majirani. Kwetu kila nyumba ina jirani wa kwanza. Hachaguliwi, hapendwi wala hachukiwi: anatokana na pale nyumba ilipojengwa. Mtu akifa, jirani wa kwanza ndiye anayemfumba macho, anasimamisha saa ya ukutani, anagonga mizinga kuwaarifu nyuki, anaingia zizini kuwaarifu ng'ombe. Siku ya mazishi anatangulia na msalaba. Na kabla ya yote hayo anawaendea wenye msiba na kuwaambia, kwa mdomo wake, akiwa amesimama mbele yao, kichwa wazi. Habari hiyo haipiti kwenye waya. Padri wetu wa sasa, ambaye ana vijiji kumi na kimoja na huchanganya majina ya marehemu, amewahi kusema kwamba hayo ni mambo ya kipagani. Tulimwacha aseme. Siku mama yake padri alipofariki, jirani wa kwanza alisafiri kwa treni siku nzima kumfikia, na padri alimpokea amesimama, akalia kama sisi.

Nyumba ya Sarthou na nyumba ya Bordenave, kwa kuwa ziko mbili tu, kila moja ni jirani wa kwanza wa mwenzake. Naomba Sajenti alipigie mstari hilo.

Mnamo tarehe 4 Februari 2014, siku ya Jumanne, alfajiri, Mama Noëlie alifariki kitandani kwake akiwa na miaka themanini na nane. Germain na mkewe Josette walikuwa wamekesha naye. Muuguzi alikuja, akathibitisha, akaondoka. Germain akasimamisha saa, akagonga mizinga ingawa nyuki walikuwa wamejikunyata kwa baridi, akaenda kwa ng'ombe. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, amevaa suti ya harusi yake chini ya koti la theluji, na skii zake begani.

Sikumuuliza kitu. Ile suti nilikuwa naijua. Nilimwambia tu kwamba kebo haitapanda mpaka kileleni, upepo umevuma usiku kucha na bado unavuma, na maiti hana haraka. Akanijibu kwamba hakuja kuuliza ratiba, amekuja kwa kuwa nawafahamu watu wa kebo na kwa kuwa hataki kusafiri peke yake na lile jambo kifuani. Nikavaa viatu.

Tulipanda basi la watalii wa skii. Basi lilikuwa limejaa watu wa mjini Toulouse waliovaa rangi za kasuku, na mtoto mmoja mdogo alimuuliza Germain kwa nini amefunga tai kwenda kuteleza. Germain alimjibu kwamba mlima ni mkubwa kwake, na mkubwa haendewi ovyo. Mama wa mtoto alicheka. Germain hakucheka, lakini alimpa mtoto peremende aliyokuwa nayo mfukoni.

Chini ya mlima tuliambiwa kwamba kebo inakwenda mpaka kituo cha kati tu. Ya juu imefungwa, upepo unayumbisha vibanda vyake kama kengele. Tukapanda mpaka hapo. Kituo cha kati kina mgahawa, baraza ya kuota jua, na chumba cha simu ya kileleni. Anayekiendesha ni Corinne Dufau, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi, yaani nilimwonyesha vile vitufe. Alitupokea vizuri. Alituwekea supu ya kabichi na bata, akaniletea na mvinyo. Mimi nilikula, na mwisho nikamimina mvinyo kwenye bakuli nikanywa na mabaki ya supu kama baba alivyonifundisha, nikafuta na ndevu. Germain hakugusa kijiko. Alikaa anatazama kuba nyeupe ya kituo cha nyota kule juu, ambayo siku hiyo ilionekana karibu mpaka ungedhani unaweza kuigonga kwa jiwe. Anga lilikuwa safi kabisa. Upepo tu, na kwenye kila ukingo wa mlima theluji ilikuwa ikifuka kama moshi.

Tulingoja upepo utulie. Haukutulia. Saa sita mchana Germain alimwomba Corinne ampigie Thibaut simu ya kituo. Simu hiyo ni ya zamani, ina sauti kubwa, anayeongea juu anasikika chumba kizima. Mazungumzo yao yote niliyasikia, na Corinne aliyasikia, na nayaeleza hapa kama yalivyokuwa.

Germain alisema, "Thibaut, mwanangu. Ni mimi, jirani."

Thibaut akasema, "Shikamoo, Mzee Germain."

"Marahaba. Niko hapa kituo cha kati. Nakuja kukuona."

"Kebo haifanyi kazi, Mzee."

"Skii zangu ninazo."

"Upepo mbaya sana leo. Wanasema kesho utatulia."

"Jambo lenyewe si la kesho."

Tulikuwa tunamsikia anavyopumua.

"Basi pita chini ya mwamba, Mzee. Usipite juu ukingoni."

"Nilipita hapo wewe hujazaliwa."

"Najua. Nitakuchemshia kahawa."

Germain akakata simu.

Sasa Sajenti ananiuliza kama wakati huo nilifahamu kuwa Thibaut ameshapata habari. Ananionyesha kwamba kwenye simu ya mkononi ya Thibaut mmekuta ujumbe wa saa mbili asubuhi, kutoka kwa binamu yake wa Toulouse, uliosema "Pole sana kwa mama." Binamu huyo aliambiwa na muuguzi. Yeye alihama kijijini akiwa mdogo, na siku hizi hata pizza anakata kwa kisu. Simlaumu. Najibu hivi: sikuujua huo ujumbe. Lakini mtu ambaye mama yake ana miaka themanini na nane, akapigiwa simu na jirani wa kwanza siku ya upepo kama ule, jambo la kwanza atauliza: kuna nini? Thibaut hakuuliza. Asiyeuliza anajua. Mimi nilielewa pale pale, na Corinne alielewa.

Corinne ndiye aliyesema. Alimwambia Germain, kwa heshima, kwamba simu ni hii hapa, kwa nini asimwambie tu kijana wa watu na sote tukabaki ndani kwenye joto. Germain alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali kanisani. Akatoka nje kwenye baraza kubandika ngozi za kupandia chini ya skii zake, zisimrudishe nyuma.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Germain, yule anajua."

Akasema, "Najua kama anajua."

"Sasa unapanda kufanya nini?"

"Kujua ni shauri lake. Kumwambia ni shauri langu."

Nikafanya ninavyofanya siku zote nikikosa la kusema, nikamtania. Nilimwambia kwamba akifia huko juu mimi nitamwoa Josette, maana anapika vizuri na nyumba yao ina jiko zuri kuliko langu. Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akasema, "Josette hakutaki, unanuka beberu." Akaondoka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na Sajenti aliinua kalamu akaniuliza kama kweli nataka yaandikwe. Ndiyo. Yaandikwe hivyohivyo, beberu na yote.

Kuhusu kamba: Sajenti ameuliza nani alimfungulia Germain kamba inayozuia njia ya juu. Hakuna aliyemfungulia. Corinne alimkataza mara mbili na akamwambia kwamba siku hiyo hatari ya maporomoko ya theluji ilikuwa ya nne kati ya tano. Germain aliinama akapita chini ya kamba kama anavyopita chini ya waya wa malisho yake. Kumshika hatukuweza. Mimi goti langu moja ni la chuma na Corinne alikuwa na abiria chini. Sikio la kufa, Afande, unajua lisemwavyo.

Pale kwenye baraza kuna darubini ya watalii, ile ya kutumbukiza sarafu. Corinne aliifungua kwa ufunguo akanipa nimfuate. Kwa hiyo ninayoyasema kuanzia hapa niliyaona kwa jicho moja, lakini niliyaona.

Alipanda vizuri. Mzee wa miaka sabini na minne, anapanda kama anaenda kufunga zizi. Alipita chini ya mwamba kama Thibaut alivyomwelekeza, kwa sababu kule juu ya ukingo upepo ungemwangusha. Baada ya mwamba panabaki shimo pana, kama bakuli, ambalo lazima ulivuke ndipo ufike kwenye ngazi za kituo cha nyota. Usiku ule upepo ulikuwa umelijaza bakuli hilo theluji nyingine, ile ngumu juu na tupu chini, inayodanganya. Kila mtoto wa bonde letu anajua kwamba pahala kama hapo pavukwe haraka, mmojammoja, na usisimame. Na aliyetufundisha wengi wetu ni Germain mwenyewe. Alikuwa akituambia, "Ukitaka kukojoa, kojoa huku unaenda."

Alipofika kama katikati, nilimwona Thibaut. Alikuwa ametoka kumlaki.

Hapa naomba niandikwe vizuri, kwa sababu ndilo jambo lililonileta. Nimeambiwa kwamba Thibaut mwenyewe amesema mbele yenu, "Mimi nimemuua." Nimeambiwa mnadhani aliteremka kwa skii akaikata ile theluji kutoka juu, ikamwangukia mzee. Na mnadhani pia kwamba alijua habari, akaacha mzee apande bure, na sheria ina jina lake kwa jambo hilo. Na yeye kwa yote anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia misa.

Thibaut hakuwa juu ya theluji. Alikuwa amesimama juu ya mwamba mweusi, pembeni, mwisho wa ngazi. Skii zake zilikuwa zimesimikwa nyuma yake. Mwamba ule hauporomoshi kitu, umekaa hapo tangu Mungu anaumba na hajautoa. Thibaut alisimama hapo wala hakusogea. Alikuwa amevua kofia. Upepo ulikuwa unamchezea nywele, naziona mpaka sasa.

Germain alimwona. Akasimama.

Alisimama katikati ya bakuli. Habari ile haitolewi ukiwa unatembea. Haitolewi na kofia kichwani, na haitolewi miguu ikiwa imefungwa kwenye mbao. Angeweza kuvuka kwanza, ilikuwa imebaki nusu tu, akafika kwenye mwamba akamwambia hapo. Mtu wa kwingine angefanya hivyo. Lakini kwetu wakishaonana macho, mwenye habari hapigi hatua nyingine kabla hajaisema, maana kumsogelea mfiwa huku umenyamaza ni kumdhihaki. Aliinama akafungua skii. Moja, kisha ya pili. Akasimama kwa miguu yake, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

Nikaona mdomo wake umefunguka. Au nilitaka kuuona. Kwa umbali ule siwezi kuapa juu ya mdomo.

Mstari ukachoreka kwenye theluji juu yake, mrefu, kama mtu anapochana shuka. Bakuli lote likaanza kwenda. Sauti ilitufikia baadaye, sote tulikuwa tumeshaona. Corinne alipiga kelele. Mimi niliendelea kutazama, kwa sababu nilidhani nikiondoa jicho ndipo atapotea kabisa.

Thibaut aliruka kutoka mwambani akakimbilia chini kwenye theluji iliyokuwa bado inatembea. Sajenti akitaka kumshtaki mtu kwa kutokusaidia, akamtafute mwingine. Alichimba kwa mikono. Kisha alichukua skii moja ya Germain iliyokuwa imebaki juu akachimba nayo. Waokoaji walipofika kutoka chini yeye alikuwa ameshamfikia, amempangusa uso, amemkalisha kama mtu anayepumzika, na amemvalisha kofia yake mwenyewe. Vidole vyake mmeviona. Daktari wenu ndiye aliyevifunga.

Ananiuliza Sajenti, je, kama Thibaut angesema kwenye simu "Mzee, nimeshapata habari, usipande," marehemu asingekuwa hai? Angekuwa hai. Angeshuka na mimi kwenye basi, angeingia nyumbani kwake, na asingetoka tena kwa aibu. Thibaut angekuwa amemnyang'anya kazi ya mwisho ambayo nyumba yake ilikuwa inaidai. Kijana alikaa kimya kwa heshima, mzee alipanda kwa heshima, na mimi nilikuwa kwenye chumba kilekile nakula supu. Tulikuwa wanne kwenye simu ile ukimhesabu Corinne. Mkitaka kufunga mtu, leteni gari kubwa.

Sasa nasema kwa nini nimekuja mwenyewe asubuhi hii, tarehe 5, kwa mguu na goti la chuma, kabla hamjaniita.

Josette hajaambiwa.

Germain alishushwa jana jioni. Kijiji kizima kinajua, na nyumba ya ng'ambo ya kinu haijui. Hakuna aliyevuka daraja la kinu. Gari la mkate leo limepita bila kupiga honi. Meya alisema atampigia simu, ni wajibu wake, na mkewe akaificha simu yake kwenye debe la unga. Mimi nilifika mpaka kwenye daraja. Niliona moshi wa jiko lake. Nilisimama nikageuka, na sijawahi kujiona mzee kama pale.

Simwezi Josette mimi. Si kwa woga, ingawa woga nao upo. Mimi si jirani yake wa kwanza. Jirani yake wa kwanza ni nyumba ya Sarthou, na katika nyumba ya Sarthou aliyebaki ni mmoja, naye mmemfungia hapa. Mama Noëlie amelala kwake anamngoja Germain ambebee msalaba. Germain amelala hapa chini kwenye chumba chenu cha baridi anamngoja Thibaut. Kila maiti anaingoja nyumba ya mwenzake.

Sajenti ameniambia kwamba kupeleka habari kama hizo ni sehemu ya kazi yake, na yuko tayari kwenda mwenyewe sasa hivi. Nimemwambia ana moyo mzuri. Nimemwambia, utabisha hodi na atakufungulia. Atakukaribisha, atakuwekea kahawa na kipande cha keki. Atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha atakuuliza: jirani yangu yuko wapi? Na wewe utasema nini, mwanangu?

Sajenti aliweka kalamu chini. Alikwenda dirishani akasimama kidogo.

Ninaloomba ni dogo. Mumtoe Thibaut kwa muda wa kwenda na kurudi. Mkitaka mfungeni pingu, ila mzifungue darajani, maana hawezi kushika kofia na pingu. Mimi nitakaa kwenye kile chumba chake mpaka arudi, na mkiona hajarudi, mnibakishe. Sina pa kwenda. Basi nalo sitaki kulipanda tena hivi karibuni.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maneno haya na nimeyatambua kuwa ni yangu, isipokuwa matusi mawili ambayo Sajenti ameyaondoa na ambayo yalikuwa mahali pake. Niliyoyaona ndiyo hayo, na niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu yeyote, na mbele ya Germain nikikutana naye.

Sahihi ya shahidi: U. Pedarribe

MAELEZO YA AFISA

Mimi, Sajenti Gwenaelle Kervella, nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa hiari yake. Nilimpigia mwendesha mashtaka simu na kumsomea sehemu inayohusu mahali Thibaut Sarthou alipokuwa amesimama. Corinne Dufau, alipoulizwa kwa simu, alisema vilevile. Mwendesha mashtaka aliruhusu mtuhumiwa atoke chini ya ulinzi wangu. Shahidi aliingia mahabusu mwenyewe na kukaa. Niliacha mlango wazi.

Nilimfungua Thibaut Sarthou pingu kwenye daraja la kinu. Alitembea mbele, mimi nilibaki langoni, umbali ambao niliweza kuona na kusikia.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Bi Josette Bordenave alikuwa amevaa nguo nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Nyuma yake niliona saa ya ukutani imesimamishwa.

Thibaut Sarthou alivua kofia. Alisema, "Mama Josette, mimi ni jirani. Nimekuja kukuambia. Mzee Germain amefariki jana mlimani." Alisema bila kukatisha. Bi Bordenave alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu asiyejua lolote. Kisha alimshukuru.

Nilidhani yameisha nikapiga hatua mbele. Bi Bordenave alinyoosha mkono kidogo kunizuia. Alikivua kitambaa cha kichwa, akakishika kifuani kwa mikono miwili, akasimama wima mbele ya kijana. Alisema, "Na mimi ni jirani. Mume wangu alikuwa anakuja kukuambia, akakatizwa njiani. Thibaut, mwanangu, mama yako amefariki."

Ndipo Thibaut Sarthou alipolia. Tangu tumkamate alikuwa hajalia.

Waliingia ndani na mlango ukafungwa. Sikuwahesabia muda.

Sahihi: G. Kervella, Sajenti